Daktari anataka kupiga eksirei PENGO la mbwa wangu, hii imekaaje wakuu?

BintiMbezi

Wakuu habari za saa hizi, naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela maana hapa ndani mimi na mume wangu hatuelewani kabisa.

Nina mbwa wa ulinzi, jemani shepadi aliyechanganyika na hawa wetu wa kawaida, anaitwa Chui, ana miaka 7. Mwaka jana alivunja jino la juu kulia, lile gego kubwa la pembeni, alikuwa anatafuna mfupa wa mguu wa ng'ombe tuliopewa buchani. Tukamwita mtu wa mifugo akaja nyumbani, akamchoma sindano ya usingizi palepale kibarazani akaling'oa na koleo, likatoka vipandevipande, akatuonyesha akasema limeisha, tukampa elfu 40 akaenda zake. Kidonda kikafunga vizuri tu, ukimfunua mdomo unaona pengo safi la pinki kama la bibi kizee.

Sasa kuanzia mwezi wa pili mwaka huu anavimba chini ya jicho la kulia. Mara ya kwanza tukajua kang'atwa na nyigu. Akapewa antibayotiki siku 7 ikashuka. Baada ya kama wiki 5 ikarudi, dawa tena, ikashuka. Juzi imerudi mara ya tatu na safari hii imetoboka, inatoa usaha na damu, nzi wanamfuata mpaka huruma. Kula anakula ila anapinda kichwa upande, donge la ugali linamdondoka analiokota tena kwa upande wa kushoto. Na zamani nikirudi kazini alikuwa ananiletea ndala getini, siku hizi anakuja mikono mitupu, yaani mdomo mtupu.

Nikampeleka kliniki nyingine kwa daktari mmoja dada mpole hivi, kamwangalia, kabonyezabonyeza, kasema jicho halina tatizo lolote. Anachotaka ni amlaze nusu kaputi, apige eksirei ya meno, tena mdomo mzima, ndo aamue cha kufanya. Jumla na vipimo vya damu na kazi yenyewe 420,000. Mume wangu kauliza swali moja tu na mimi sina jibu: jino si lilishang'olewa, sasa wanapiga eksirei nini, pengo?

Kuna mtu hapa mbwa wake alishapigwa eksirei ya meno kweli au ndo tunapigwa sisi?

---

Fundi_Bomba

Dada yangu hapo unapigwa mchana kweupe. Mimi nina miaka 44 meno yangu mwenyewe hayajawahi kuiona eksirei, leo mbwa? Babu yangu kule Singida alikuwa na mbwa wanne wanakula ugali na makombo mpaka wanazeeka, hakuna aliyejua mbwa ana daktari wa meno. Hizi kliniki za mjini zimeshajua watu wanapenda mbwa kuliko ndugu zao basi bei zinapangwa kwa kuangalia viatu ulivyovaa.

Nunua antibayotiki ya sindano siku 5 na diklofenaki za kushusha uvimbe, elfu 10 haiishi, utakuja kunishukuru.

---

dokta_wa_ng'ombe_AR

Fundi, diklofenaki HAPANA. Hiyo na brufeni ni dawa za watu, kwa mbwa zinachimba vidonda tumboni na zinaharibu figo, nimeshapokea mbwa anatapika damu nyeusi na mwenyewe anasema "dokta nilimpa kidonge kimoja tu". Dada kama ulishampa chochote cha namna hiyo mwambie daktari wako leo, usimfiche.

Turudi kwenye pengo maana swali la shemeji ni zuri kuliko anavyojua.

Mimi ni daktari wa mifugo niko Arusha, jina linajieleza, ng'ombe ndo kazi yangu ila mbwa na paka siku hizi wananila nusu ya siku. Kwa maelezo yako hilo lilikuwa gego la kukatia nyama, la nne katika magego madogo ya juu, sisi kwenye faili tunaliandika 108 likiwa la kulia na 208 likiwa la kushoto. Lina mizizi mitatu, miwili iko mbele imebanana na mmoja mnene uko nyuma. Jino la namna hiyo halitoki kwa koleo na nguvu za mkono, unalikata kwanza kwa mashine vipande vitatu kila kipande na mzizi wake, halafu unakitoa kimoja kimoja taratibu. Ukilishika zima ukavuta, tena lilishapasuka, kinachokuja mkononi ni kichwa cha jino na kama una bahati mzizi mmoja. Mlichoonyeshwa kibarazani kilikuwa ni jino kweli, ila swali ni kiasi gani cha jino.

Kilichobaki kinafunikwa na fizi, na fizi inapona vizuri tu, yenyewe haijui kuna nini chini yake. Sasa ncha za mizizi ile zimekaa karibu kabisa na chini ya jicho, usaha ukijaa huko unatafuta pa kutokea, unatokea hapohapo unapoona. Ndo maana kila mtu anasema jicho, nyigu, mwiba, kapigwa jiwe. Nikiona mbwa kavimba chini ya jicho kitu cha kwanza nafunua mdomo.

Na hizo wiki 5 zako ndo kawaida yake. Dawa inasafiri na damu, mzizi uliokufa ndani hauna damu, kwa hiyo dawa inaua wadudu walioko pembeni, uvimbe unashuka, mnafurahi, waliojificha ndani ya mzizi wanasubiri dozi iishe. Unaweza ukampa antibayotiki mpaka Krismasi.

"Basi afungue tu atafute", najua Fundi atasema. Juu ya mizizi hiyo kuna mfereji unapitisha mshipa wa fahamu na wa damu unaokuja puani, ukipanda juu kidogo ni jicho, ukienda ndani ni tundu la pua. Ukichokonoa kwa kubahatisha unaweza ukausukuma mzizi ukaingia puani ukaongeza tatizo la pili, au chombo kikateleza kikaingia jichoni, na hiyo imeshatokea kwa watu wenye vyeti kabisa. Picha inakwambia imebaki mizizi mingapi, iko wapi, imenyooka au imepinda, mfupa umeliwa kiasi gani. Na inaweza ikakwambia hakuna mzizi wowote hapo, tatizo ni kitu kingine kabisa, saratani kwa mfano, mbwa wa miaka 7 hilo hatulitoi kichwani mpaka tuone.

Huyo daktari dada simjui ila mimi ningefanya hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mimi mashine ya mdomoni sina, mbwa wa hivyo nawapeleka kwa mwenzangu.

---

WanjaNrb

Mimi niko Nairobi na nakuambia BintiMbezi lipa hiyo pesa, mimi nilikataa na sitasahau.

Nilikuwa na kambwa kadogo keupe kale ka manyoya, kilo 3 na nusu hivi, miaka 9. Mdomo ulikuwa unanuka hadi mtu hawezi kukashika. Kliniki niliyokuwa naenda wakati huo hata eksirei ya meno hawakuwa nayo, daktari akasema meno mawili ya chini nyuma yanacheza atayatoa tu haraka, kulikuwa na kliniki ingine ina mashine lakini ilikuwa bei mara mbili, mimi nikaona ya nini. Nikaacha mbwa asubuhi nikaenda job. Saa saba hivi napigiwa simu, taya imevunjika. Ati alivuta jino kidogo tu, hakutumia hata nguvu, akasikia ka! Nilimtukana huyo mtu vibaya sana.

Baadaye kwa ile kliniki ingine ndio nilionyeshwa picha. Hawa mbwa wadogo lile gego kubwa la chini mizizi yake inashuka karibu ifike mwisho wa taya, na ugonjwa wa fizi ulikuwa umekula mfupa wote hapo, yaani kilichokuwa kinashikilia taya ni ukingo mwembamba kama ganda la yai. Huwezi ona hiyo kwa macho, kwa macho ni jino chafu tu. Daktari mpya aliniambia mtu akijua hali iko hivyo anaingia kwa mpango tofauti, ama anakuambia mapema hatari iko wapi ndio uamue.

Kalipona, tulikalisha uji na nyama ya kusaga kwa bomba la sindano bila ile ncha ya kuchoma wiki sita, mdomo umefungwa na plasta ikaachwa nafasi kidogo ya kutoa ulimi. Kameishi miaka mitatu ingine kakiwa na meno tisa.

---

Fundi_Bomba

Pole dada Wanja, hiyo ya taya sikuijua. Diklofenaki nimefuta kauli.

Ila bado nauliza, kwani lazima mdomo mzima? Tatizo liko kulia juu. Mimi ukiniita bomba la jikoni linavuja sianzi kuchimba choo cha nje.

---

mpiga_picha_Tanga

Nimecheka na choo cha nje 😂

Mimi napiga eksirei hospitali ya binadamu huku Tanga, mbwa sijawahi ila fizikia ni moja, ngoja nisaidie kidogo hapo kwa nini mnyama lazima alale.

Picha ya jino ni kivuli. Unaweka kibao kidogo ndani ya mdomo nyuma ya jino, kinakaribia ukubwa wa kiberiti, halafu mionzi inatoka nje inapita kwenye jino inaangukia kwenye kibao. Kitu kigumu kinazuia mionzi kinatoka cheupe, panapokosa mfupa mionzi inapita panatoka peusi. Sasa kivuli si mnakijua, mnazi saa sita mchana kivuli chake kimejikunja chini ya mnazi, saa kumi na moja jioni kivuli cha mnazi huohuo kinavuka barabara. Mzizi nao ukikosea pembe unautoa mfupi kumbe mrefu, au mrefu mpaka unatoka nje ya picha. Kwa meno ya chini nyuma unaweza kuweka kibao sambamba na jino ukapiga moja kwa moja, ila ya juu paa la mdomo linazuia, inabidi ugawanye ile pembe kati ya jino na kibao katikati kwa mstari wa kufikirika, ndo uelekeze mashine ikiwa wima (digrii 90) kwa mstari huo. Na hiyo mizizi miwili ya mbele anayosema dokta itapandana, ukiona mmoja hujui mwingine uko wapi, kwa hiyo unasogeza mashine pembeni kidogo unapiga ya pili.

Mtu mzima nikimwambia tulia usimeze mate anahangaika. Mbwa macho wazi na kibao mdomoni atakitafuna, na kibao kile ni mamilioni.

Mionzi isikutishe dada, ya jino ni kidogo sana, anayepaswa kujihadhari ni yule anayepiga kila siku, ndo maana utaona wanasogea mita 2 na zaidi au wanatoka nje kabisa. Mashine yenyewe kwa Tanzania inatakiwa iwe imesajiliwa Tume ya Nguvu za Atomu, ya mbwa ni kama ya mtu tu. Uliza cheti ukitaka, si dharau.

---

BintiMbezi

Asanteni sana jamani mmenifungua macho. Mume wangu kasoma yote hayo kimyakimya akasema tu "kumbe mizizi mitatu". Diklofenaki hatukumpa, namshukuru Mungu.

Dokta naomba nikuulize na mimi kama Fundi, mdomo mzima wa nini? Na nusu kaputi kwa miaka 7 si hatari? Na yule jirani yetu kasema ana rafiki yake daktari wa meno wa watu atupigie picha jioni wagonjwa wakiisha, elfu 20 tu.

---

dokta_wa_ng'ombe_AR

Ya jirani kwanza maana ndo fupi. Mashine za meno za watu ndo hizohizo wengi wetu tunazotumia kwa mbwa, kibao hichohicho. Tatizo ni nani atamlaza, nani atamwangalia akiwa amelala, na kesho yake mama wa watu atakaa kwenye kiti alicholalia Chui anavuja usaha. Acheni hiyo.

Mdomo mzima. Mbwa mzima ana meno 42, na unaloliona kwa macho ni kama nusu tu ya kila jino, nyingine iko ndani ya mfupa. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha California pale Davis uliotoka 1998, walipiga mbwa 226 midomo mizima, halafu wakaangalia yale meno ambayo kwa macho na kwa kipimo cha fizi hayakuwa na tatizo lolote. Katika 27.8% ya mbwa hao picha ilionyesha kitu cha maana cha kutibiwa kwenye meno hayohayo "mazima". Yaani zaidi ya mbwa mmoja katika kila wanne. Na AAHA, chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2019 wanashauri mdomo mzima na wanakataa kazi ya meno ya mnyama aliye macho.

Sasa maoni yangu binafsi, wenzangu wa mjini watanisema. Marekani wana bima za mbwa, sisi tuna M-Pesa. Mtu akija na hela ya picha tatu siwezi kumfukuza. Nitaanza na penye uvimbe, penye jino lililovunjika au kubadilika rangi, penye pengo nisilojua historia yake, na jino lolote ninalotaka kung'oa kabla na BAADA, hiyo ya baada sikubali iachwe maana ndo ushahidi kwamba mizizi yote imetoka, ingepigwa mwaka jana usingekuwa hapa. Ila Fundi, mfano wako wa bomba umesahau kitu kimoja, kumlaza mbwa ndo sehemu kubwa ya gharama na ndo sehemu yenye hatari. Ukishamlaza, picha kumi za ziada ni kama dakika kumi, ishirini. Ukimwamsha na baada ya miezi sita ukakuta jino lingine unamlaza upya. Wewe ukishavunja ukuta wa watu kwa ajili ya bomba moja hukagui na mabomba mengine yanayopita humo?

Nusu kaputi ina hatari yake, siwezi kukudanganya haina. Ndo maana ya vipimo vya damu, aone figo na ini. Uliza mambo haya: atawekewa mpira wa kupumulia kooni? (lazima, kazi ya mdomo ni maji na uchafu, bila mpira vinaingia mapafuni), atakuwa na dripu?, kuna mtu ambaye kazi yake ni kumwangalia tu mapigo na pumzi mwanzo mwisho? Akijibu vizuri lala usingizi. Cha kibarazani mwaka jana ndo kilikuwa cha kuogopa, sindano bila mpira bila dripu, na hukuogopa.

Kama mtu anasoma hii yuko wilayani hakuna mashine ya mdomoni, ile mashine kubwa ya kawaida inaweza kusaidia, unamlaza ubavu, unamwachamisha, unapiga kwa mshazari ili taya za pande mbili zisipandane. Mzizi uliobaki au jipu kubwa utaliona. Vitu vidogo hutaviona.

---

Fundi_Bomba

Ya ukuta umenikamata dokta. Sina neno.

---

BintiMbezi

Wakuu narudi na majibu kama nilivyoahidi, samahani nimechelewa.

Chui kafanyiwa Alhamisi. Chakula tulikata saa tatu usiku, maji mpaka asubuhi, saa mbili tuko kliniki. Nikauliza yale maswali ya dokta, yule dada akacheka akaniuliza nimesomea wapi. Mpira upo, dripu ipo, na kijana wa kumwangalia yupo, alikuwa na daftari anaandika kila baada ya dakika kadhaa.

Akaniita nione kwenye kompyuta kabla hajaanza kukata. Mizizi ilikuwa MIWILI imebaki. Ule mnene wa nyuma na mmoja wa mbele, vyeupe hivi kama vijiti vya kiberiti vimevunjwa katikati, na kwenye ncha ya ule wa nyuma kuna duara jeusi kama moshi. Nikamuuliza huo weusi ndo usaha? Akasema hapo palitakiwa kuwe na mfupa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akajisemesha "na sisi tulilipa elfu 40".

Akafungua fizi akaitoa, wa mbele ulikuwa umepinda kama mkia wa ng'e, akapiga picha nyingine tundu likiwa tupu, akanionyesha, akashona. Mizizi nimepewa kwenye kikopo, mrefu ni kama pingili ya kidole changu kidogo. Na hela ilikuwa ileile 420, sikuongezewa kitu.

Sasa dokta ule mdomo mzima umeleta mengine. Chonge ya chini kushoto, ambayo mimi nilijua ni chafu tu kwa sababu ina rangi kama ya kijivu zambarau, kumbe imekufa. Akaniwekea picha ya kushoto na kulia pamoja. Ya kulia ule mfereji wa katikati ya jino ni mwembamba kama uzi, ya kushoto ni mpana kama mrija. Akasema jino likiwa hai linajijenga kwa ndani mwaka hadi mwaka, mfereji unazidi kuwa mwembamba, likifa linabaki kama lilivyokuwa siku hiyo. Akaniuliza huyu mbwa akiwa na mwaka mmoja na kitu aliumia? Nikakaa kimya maana nilikumbuka, aligongwa na bodaboda pale stendi ya Mbezi alipotoroka, alikuwa na mwaka na miezi kidogo, alichechemea wiki mbili tukasahau. Miaka sita jino limekufa mdomoni na hajawahi kulia hata siku moja.

Hilo hakuligusa, kasema alishalala muda mrefu na ni chonge, kulitoa ni kazi peke yake, nijipange baada ya miezi miwili mitatu. Nimeanza kujipanga.

Uvimbe umeisha. Anakula pande zote mbili. Leo asubuhi kaniletea ndala, si yangu, sijui kaitoa kwa jirani gani.

---

WanjaNrb

Nimefurahi sana!! Hiyo ya bodaboda imenipiga moyoni. Mbwa wanavumilia vitu jameni.

---

Fundi_Bomba

Hongera sana dada, mwambie shemeji asiwe na kinyongo na ile elfu 40, sote tumelipa mafundi wa hivyo.

Dokta wa ng'ombe bado upo? Swali la pembeni. Hayo meno 42 mtu anayahesabuje? Nina dume langu la boksa lina miaka 2, jana nimelishika na mwanangu ameshika tochi nikafika 31 likakimbia.

---

dokta_wa_ng'ombe_AR

Nipo. Hesabu robo moja moja. Anzia katikati mbele nenda nyuma. Juu upande mmoja: madogo ya mbele 3, chonge 1, magego madogo 4, makubwa 2, jumla 10. Chini upande mmoja: 3, 1, 4, na makubwa 3, jumla 11. Mara mbili.

---

Fundi_Bomba

Nimerudia baada ya kumpa maini. Juu 20 kamili. Chini ni 20, pande zote mbili nyuma ya chonge kuna nafasi tupu, kwenye chati ya mtandaoni hapo kuna kagego kadogo. Hajawahi kung'oa jino wala kugongwa, tangu mtoto yuko kwangu. Fizi iko safi kabisa.

---

dokta_wa_ng'ombe_AR

Boksa, gego dogo la kwanza la chini, pande zote mbili. Fundi kaa chini.

Inawezekana hakuzaliwa nayo, inatokea na haina shida. Ila kwa mbwa wa pua fupi kama boksa inatokea pia kwamba jino lipo, limelala ndani ya taya halikuota, na jino la namna hiyo linaweza kutengeneza mfuko wa maji unaokua kimyakimya unakula mfupa na kusukuma mizizi ya jirani zake, juu fizi iko safi vilevile kama unavyoiona. Kwa macho na kwa kidole hizo hali mbili hazina tofauti. Unajua kinachozitofautisha.

---

Fundi_Bomba

Unaniambia nikapige eksirei pengo.

---

dokta_wa_ng'ombe_AR

Mawili.

---

Fundi_Bomba

BintiMbezi naomba namba ya ile kliniki inboksi. Na viatu nivae vipi.